Maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu, Mgonjwa Aliyeacha Wasia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo: katika kila mji wa mwambao, toka Moa na Tanga mpaka Pangani na Saadani, wamo watu ambao miili yao haiwatii. Yumo kipofu, yumo kiwete, yumo aliyepooza upande, na yumo mwanamke aliyelala ndani mwaka baada ya mwaka kwa maradhi yasiyotajwa mbele za watu. Mara nyingi watu hao hupewa chakula na kufunikwa shuka, wala hawaulizwi neno. Hudhaniwa kuwa mwili ukishalala, akili nayo imelala pamoja nao. Na kwamba mtu asiyeweza kwenda kisimani wala msikitini hana tena amana ya kuwafikishia wenziwe.

Khabari za Mwana Kupona binti Mshamu zakanusha dhana hiyo. Alikuwa mgonjwa asiyejiweza, tena mjane, tena mama wa watoto wasiokuwa na baba. Na katika hali hiyo alitunga utenzi ambao watu wa Pwani hawajauacha mpaka leo.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, yapata mwaka 1810. Kisiwa hicho ki upande wa kaskazini wa mwambao, jirani na Lamu, nacho kina miji mitatu iliyopata kuwa mashuhuri, yaani Pate, Siyu na Faza. Neno Mwana lililo mbele ya jina lake ni neno la heshima, waitwalo mabibi wa nyumba zenye daraja. Ama Kupona, maana yake ni wazi kwa kila asemaye Kiswahili: ni kutoka katika ugonjwa au hatari ukiwa salama. Na mwenye jina hilo ndiye aliyekuja kuandikiwa ugonjwa usiomwacha.

Zama hizo utukufu wa Pate wa kale ulikuwa umepungua. Lamu ilikuwa imepanda, na biashara nyingi zilikuwa zimehama. Lakini elimu haikuhama pamoja na mali. Siyu ulijulikana kwa mafundi wa ngozi na wa mbao, na kwa wanakili wa misahafu. Na katika Pate nyumba nyingi zilikuwa na watu wajuao kutunga. Ushairi haukuwa mchezo wa vijana peke yao. Ulikuwa ndiyo njia ya kuweka sharia, na sira ya Mtume, na visa vya Manabii, katika vichwa vya watu wasiojua Kiarabu.

Katika kisiwa hicho hicho Sayyid Aidarus bin Athman alikuwa amekwisha kuifasiri kwa Kiswahili kasida ya Hamziya kabla ya kuzaliwa Mwana Kupona. Na mwenye Hamziya ni Imamu Busiri wa Misri, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tatu. Khabari yake yafaa kutajwa hapa, kwa kuwa inafanana na hii. Imamu Busiri alipatwa na maradhi ya kupooza, nusu ya mwili wake ikawa haina nguvu. Alipokuwa katika hali hiyo alitunga kasida ya kumsifu Mtume (S.A.W.), akamwomba Mungu kwayo. Imepokewa kuwa alimwona Mtume usingizini, akampangusa kwa mkono wake na kumfunika kwa joho lake, na alipoamka akajiona mzima. Kwa sababu ya joho hilo kasida ile ikaitwa Burda, nayo ndiyo Burudai isomwayo mwambao wote. Wengi waisomao hawakumbuki kuwa mtungaji wake aliianza akiwa hawezi kuinua upande mmoja wa mwili wake.

Tena ziko tendi za kale zinazosimulia kisa cha Nabii Ayubu (A.S.), jinsi alivyoondokewa na mali na watoto, kisha ngozi yake na nguvu zake, na jinsi mkewe Rahema alivyomtumikia watu wote walipomkimbia. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa katika visiwa vile alipata kusikia tangu utoto wake kwamba mtu mwenye mwili uliovunjika aweza kuwa na daraja mbele ya Mungu, na kwamba maneno yake yastahili kuhifadhiwa.

KUOLEWA KWAKE

Mwana Kupona aliolewa na Sheikh wa Siyu, Muhammad Is-haka bin Mbarak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Alikuwa wa mwisho miongoni mwa wake zake. Bwana Mataka hakuwa mtu wa raha. Katika zama zake Sayyid Said bin Sultan, aliyefanya Unguja kuwa makao yake, alikuwa akitaka miji yote ya mwambao imtii; na Siyu ukakataa. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said alituma jeshi kutoka baharini ili kuuvunja mji huo. Watu wa Siyu wakasimama, na amiri wa jeshi hilo, Hamad bin Ahmad, akauawa huko. Mji mdogo uliozungukwa na mikoko ukaushinda uwezo wa mfalme mkubwa, na jina la Bwana Mataka likaenea.

Basi nyumba aliyoingia Mwana Kupona ilikuwa nyumba ya vita na shauri. Mke wa mtu wa namna hiyo alilala asijue kama mumewe atarudi. Lakini alipokuja kuieleza ndoa yake katika utenzi, hakutaja bunduki wala majahazi. Alitaja kuwa waliishi kwa kupendana, pasi na ugomvi, na kuwa mumewe alipofikwa na mauti alimkaririia radhi zake. Radhi hizo alizihesabu kuwa kubwa kuliko mali yote aliyoachiwa.

Mungu aliwajaalia watoto wawili, binti aliyeitwa Mwana Hashima, na mwana wa kiume aliyeitwa Muhammad. Binti alikuwa mkubwa, na ndiye aliyepewa wasia.

UJANE NA MARADHI

Mwaka 1856 Bwana Mataka akafa. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Oktoba, Sayyid Said naye akafa baharini alipokuwa akirudi kutoka Maskati. Mahasimu wawili walioshindana kwa miaka mingi wakaitika mwito katika mwaka mmoja, na vita vyao wakaviacha kwa watoto wao. Mwana Kupona akabaki na binti anayekaribia kuolewa na mtoto mdogo wa kiume, katika mji usiokuwa na amani.

Kisha maradhi yakamshika. Yeye mwenyewe ameeleza katika utenzi kuwa yalimshika mpaka mwaka ukatimia, asipate nafasi ya kusema na binti yake yaliyo moyoni. Na imepokewa kuwa ulikuwa ugonjwa wa kutokwa na damu ya tumbo la uzazi, usiokatika.

Maradhi ya namna hiyo yana mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni wa mwili: damu ikitoka kila siku nguvu huisha, kichwa huzunguka, na kazi ndogo za nyumbani huwa kama safari. Mzigo wa pili ni wa kusitirika. Kipofu huonekana njiani na watu wakampa njia. Kiwete huonekana na watu wakampa mkono. Lakini mwanamke mwenye maradhi ya tumbo hujificha chumbani, na hata jamaa zake hawasemi anaumwa nini. Wako wanaodhani kuwa amekuwa najisi, hana sala wala Kurani wala mahali katika mazungumzo ya watu. Huo ndio upweke wa Mwana Kupona. Na mwishoni mwa utenzi alijitaja kuwa ni mgeni aliye peke yake, mwenye huzuni.

SHARIA YAMWAMBIA NINI MGONJWA

Hapana budi kusema hapa jinsi sharia ilivyomtazama mtu wa hali hiyo, kwa kuwa Mwana Kupona alikuwa mjuzi wa dini, na utenzi wake umejengwa juu ya ujuzi huo.

Zamani za Mtume (S.A.W.) mwanamke aliyeitwa Fatima binti Abi Hubaishi alimwendea akamshitakia kuwa damu haimkatiki, akauliza kama aache sala. Mtume akamwambia kuwa hapana, kwani huo ni mshipa wala si hedhi. Aache sala siku za hedhi yake tu, kisha zikipita aioshe damu na asali. Maulamaa wameiita damu hiyo istihadha, na mwenye nayo hahesabiwi kuwa ametoka katika ibada. Na sahaba Imrani bin Huswaini, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimwuliza Mtume khabari ya sala yake. Akaamriwa asali wima, na akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa asali kwa ubavu.

Kadhalika Kurani imetaja kuwa hapana lawama juu ya kipofu, wala kiwete, wala mgonjwa, katika yale wasiyoyaweza. Na sahaba Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Naye alimjia Mtume akitaka kufunzwa wakati Mtume alipokuwa akisema na wakuu wa Makureshi, na kwa ajili yake ikateremka Sura ya Abasa. Baadaye alikuwa mwadhini Madina pamoja na Bilali, na mara nyingine aliachiwa mji Mtume alipokuwa safarini.

Katika khabari hizi zote mna jambo moja. Sharia humpunguzia mgonjwa kazi ya viungo, lakini haimwondolei daraja ya kuwa mtu mwenye amri na makatazo, mwenye haki ya kusikilizwa na wajibu wa kusema. Anayesali kwa ubavu amesali. Na anayeusia akiwa amelala ameusia.

KUTUNGWA KWA UTENZI

Katika mwaka 1275 Hijria, ambao ulianza mwezi wa Agosti 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Mwana Kupona alimwita Mwana Hashima. Alimtaka asogee karibu, akae, alete wino na karatasi. Kisha akaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume.

Watu wengi huipita haraka mistari hiyo ya mwanzo, wakidhani kuwa ni desturi ya washairi tu. Lakini kwa mgonjwa kuna kazi kubwa ndani yake. Mtu asiyejiweza hawezi kuinuka kuufuata wino. Lazima pawe na mwingine wa kuuleta, na wa kukaa kitako akasubiri pumzi irudi, asimkatize, wala asimwambie kuwa apumzike tu na maneno yangoje siku nyingine. Sauti ya mgonjwa ni ndogo, na asiyesogea haisikii. Wasia ule usingalipatikana kama binti asingalikaa.

Alichagua bahari ya utenzi, yenye mizani nane katika kila kipande, na vipande vinne katika kila ubeti, na kina cha mwisho kikawa kimoja toka mwanzo hata mwisho. Ni bahari nyepesi ya kuhifadhi, na yafaa kwa msichana aliyefunzwa chuoni na nyumbani. Lugha yake ni ile ya Pate na Lamu, na maandishi yake ni ya herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya waandishi wa Kiswahili zama hizo. Beti zake ni mia moja na mbili; na hesabu hiyo ameitaja mtungaji mwenyewe, kama alivyoutaja mwaka, na jina lake, na jina la baba yake, na kuwa Pate ndiko alikozaliwa. Hakuacha mlango wa mtu kuja kusema kuwa utenzi ni wa mwingine.

YALIYOMO KATIKA WASIA

Wasia wenyewe ameufananisha na hirizi na kidani, vitu avaavyo msichana shingoni. Kwa maana asiyekuwa na uwezo wa kumwandalia binti dhahabu amwandalie maneno yatakayokaa naye.

Kwanza amemwamuru ashike dini, asiache faradhi, na sunna azifanye akiweza. Kisha adabu na ulimi mwema, na ukweli katika ahadi. Amemwambia wa kuwaheshimu, wakianzia kwa Mungu na Mtume wake, kisha baba na mama, kisha mume. Amemfunza jinsi ya kuishi na mume kwa utii na upole, jinsi ya kuitunza nyumba ikawa safi, na kujitunza mwenyewe kwa maji na manukato na hina. Amemkataza kukaa na wapumbavu, na amemwamuru awapende jamaa zake na awatendee wema mafukara wamjiao.

Yako yaliyozua maneno baadaye. Watu wa zama hizi wamejadiliana sana juu ya sehemu ya mume. Wengine wamesema kuwa imemweka mwanamke chini mno, na wengine wamesema kuwa ni hekima ya mwanamke aliyejua namna ya kupata sauti ndani ya nyumba. Pia aliusia kutochanganyikana na watumwa ila kwa kazi. Hayo ni maneno ya mwanamke wa daraja ya juu katika mji wenye utumwa. Utumwa uliondolewa katika milki ya Unguja mwaka 1897, katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Na asomaye leo aijue sehemu hiyo kuwa ni khabari ya zama zilizopita, wala si amri. Haifai kumfanya mtu malaika kwa sababu aliugua. Mgonjwa ni mtu kama watu wengine, ana yaliyo sawa na yaliyo ya wakati wake.

Lakini jambo moja halina mjadala. Katika mji ambao wanaume ndio waliokuwa wakuu wa vita na wa kazi za sharia, mwanamke aliyelala kwa maradhi ndiye aliyeweka kitabu ambacho wanaume na wanawake walikuja kukinakili.

DUA YAKE

Baada ya nasaha, Mwana Kupona aligeuka akamwelekea Mola wake, na sehemu kubwa ya utenzi iliyobaki ni dua. Amewaweka watoto wake katika amana ya Mungu, kisha ndugu zake na jamaa zake, kisha Waislamu wote. Ameomba asamehewe dhambi, na ameomba aondolewe maradhi yake.

Hapa ndipo panapoonyesha ukweli wake. Hakujitia kuwa ameridhika na ugonjwa hata hautaki kuondoka. Hakusema kuwa maumivu ni matamu. Alimshitakia Mungu kama alivyomshitakia Nabii Ayubu, na kumshitakia Mungu si kukosa subira. Kwani Kurani imemsifu Ayubu kuwa ni mwenye subira, na hali yeye ndiye aliyeomba. Subira si kunyamaza. Mwenye subira hulia kwa Mola wake, huku kazi aliyopewa akiendelea kuifanya.

Imamu Busiri aliomba akaondolewa kupooza kwake, kama ilivyopokewa. Mwana Kupona aliomba, na maradhi hayakumwacha. Wote wawili walitunga katika hali moja, wote wawili walimwomba Mola mmoja, na majibu hayakuwa sawa. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa asiyepona kuwa imani yake imepungua, au kuwa hakusoma kasida kwa nia. Aliyetunga beti mia moja na mbili juu ya kitanda cha maradhi hakupungukiwa na nia. Mungu hutoa apendavyo, na huenda mja akaomba afya ya mwili wake akapewa uzima wa maneno yake.

KUFA KWAKE, NA SAFARI YA UTENZI MPAKA TANGA

Mwana Kupona alikufa yapata mwaka 1860, kwa maradhi yale yale. Hakupata kuona utenzi wake ukitoka nje ya nyumba za jamaa zake.

Lakini katika beti za mwisho alikuwa amekwisha kuwageukia wanawake wengine, akawataka wasome na wafahamu. Basi wasia wa binti mmoja ukawa wa mabinti wengi. Wanawake wa Lamu na Pate waliunakili, wakausoma na kuuhifadhi, na mama akampa binti yake. Alice Werner, aliyekuwa mtaalamu wa lugha za Afrika, aliutoa kwa chapa mwaka 1917. Na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena katika kitabu peke yake huko Uingereza. Mwaka 1971 J. W. T. Allen akautia katika kitabu chake cha tendi sita za kale.

Na bahari ya utenzi ilishuka pamoja na pepo za kaskazini hata mwambao wa Tanga. Huko Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, aliitumia kuandika khabari za Wadachi kuitamalaki Mrima, vita ambavyo ndani yake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Yeye aliweka katika utenzi vita vya mji. Mwana Kupona, mke wa mtu wa vita, alikuwa ameweka yaliyo ndani ya nyumba.

Kisha akaja Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufa mwaka 1962. Naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Mzazi kumkalisha mtoto wake na kumpa wasia kwa utenzi ni njia ambayo Mwana Kupona aliipita kabla yake kwa muda wa miaka mingi. Watoto wa Tanga waliosoma tendi hizo za Shaaban Robert chuoni walikuwa, pasi na kujua, wakinywa maji yaliyotoka katika kisima cha mgonjwa wa Pate.

MAFUNZO YA KHABARI HII

Katika khabari hii mna mafunzo matatu.

La kwanza ni la mgonjwa na kilema. Asiungoje uzima ndipo aanze kazi yake, kwani huenda uzima usije, na kazi ni amana. Mwana Kupona hakuweza kusimama, lakini alijua Kurani, na sira, na desturi za nyumba, na bahari za ushairi; akatumia alichobakiwa nacho. Aliyekosa macho ana masikio na kifua cha kuhifadhi. Aliyekosa miguu ana mikono. Na aliyekosa vyote hivyo, maadamu ana ulimi, aweza kuusia.

La pili ni la jamaa wa nyumbani. Chakula na shuka ni wajibu, lakini haki ya mgonjwa haiishi hapo. Aulizwe shauri katika mambo ya nyumba. Watoto wakalishwe kwake wasikie. Na akiwa na la kusema liandikwe, hata kama husema kidogo kidogo kwa siku nyingi. Ni watu wangapi katika Tanga na Pangani waliokufa na tendi zao vifuani, kwa kuwa hapakutokea wa kuwasogezea wino? Hesabu hiyo yuaijua Mungu peke yake, na waliokaa nao nyumba moja wataulizwa.

La tatu ni la wanawake wenye maradhi ya kusitirika. Damu isiyokatika ni ugonjwa, si aibu wala laana. Mwenye nayo ana sala yake, na ana haki ya kutafutiwa dawa mapema kwa waganga wa hospitali wajuao, kwani Mtume (S.A.W.) ameamuru watu wajitibu. Mwana Kupona aliishi katika zama ambazo dawa ya maradhi yake haikuwako katika visiwa vile. Leo haifai mwanamke afe kwa kuwa jamaa zake waliona haya kulitaja jambo lenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, na amrehemu Mwana Hashima aliyekaa akamsikiliza. Awaafu wagonjwa wa Waislamu wote, na wale ambao hakuwaandikia kupona awape ulimi wa kusema na watu wa kuwasikia. Amin.